Gereji ya mji usio na magari: kisa cha meza ya maita Lamu

Fremu nane za madirisha zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na nne kati yake hazifungi. Ukibana kona tatu, ya nne inaacha mwanya wa kupitisha sarafu. Ami alikuwa amezipanga makusudi, mbovu mbele na nzima nyuma, ili nizione kabla sijavua viatu. Chai sikupewa mpaka nilipozikagua zote.

Mafundi wengi huniuliza vipimo vya meza ya maita, yaani meza ya kubebea msumeno wa umeme unaokata ubao kwa digrii. Vya meza hii nitavitoa, ila havitakufaa sana kama chumba chako si hiki. Nitakaa zaidi kwenye namna tulivyovipata, na pale tulipokosea, maana tulikosea, na kosa lenyewe lilikuwa langu.

Ami ni seremala wa Mkomani, upande wa kaskazini wa Mji Mkongwe wa Lamu. Maisha yake yote amefanya milango na madirisha kwa msumeno wa mkono, randa na patasi, na nakshi anachonga ameketi chini, ubao ameubana kwa miguu. Mwanawe aliyeko Mombasa akamletea msumeno wa maita wa inchi 10, ule wa kutelezesha, unaokata ubao wa upana wa karibu sentimita 30 kwa mvuto mmoja. Pamoja na mashine akamtumia kwenye simu mchoro kutoka Marekani: meza ya maita yenye kabati na droo, kwa karakana ya gereji ya nyumbani. Ami akaniuliza, "Gereji ya nini Lamu? Ya punda?" Tangu siku ile chumba kile cha chini, kilichokuwa ghala la familia, kinaitwa gereji, na hata majirani wameshazoea.

Mashine niliikuta juu ya kasha sakafuni. Ubao mrefu ulikuwa ukishikiliwa upande mmoja na tofali tatu, upande wa pili na mjukuu.

Ugonjwa ulikuwa wapi

Ami alikwisha kuilaani mashine. Mwanawe, kwa simu, alishikilia kwamba digrii zimehama. Mimi sikugusa skrubu hata moja. Nilichukua kipande cha ubao cha futi moja chenye kingo sambamba, nikakikata katikati kwa digrii 90, nikapindua nusu moja juu chini, kisha nikazikutanisha nusu mbili zile zikiwa zimeegemea fensi ya mashine, ule ukingo wa nyuma wa kuegemezea ubao. Hiki ni kipimo kisichohitaji chombo chochote: kama bledi imekaa upande, mwanya unaojitokeza ni maradufu ya kosa, na jicho linauona. Hapakuwa na mwanya. Nikakata vipande viwili kwa digrii 45, nikavikutanisha ndani ya skwea, chombo cha kupimia pembe mraba. Shwari. Mashine ilikuwa inasingiziwa.

Nikarudia jambo lile lile kwa ubao wa mbambakofi wa mita 2.4, inchi nne kwa mbili. Ubao kama huo una kilo tisa au kumi, si kitu cha kuachia kining'inie. Tofali zilikuwa chini ya sahani ya mashine, yaani uso unaolaziwa ubao, kwa milimita 12, na ziko mita moja na nusu kutoka kwenye bledi. Mkia wa ubao ukashuka, sehemu iliyo chini ya bledi ikanyanyuka kidogo kutoka kwenye sahani, na mkato ukatoka umeinama karibu nusu digrii. Kwa unene wa milimita 50 hiyo ni kama nusu milimita. Utasema ni kidogo. Fremu moja ina mikato minane.

Lakini lililonishitua lilikuwa jingine. Nilipima miimo ya fremu zile mbovu: jozi moja ilitofautiana milimita 3, nyingine 4. Ami alikuwa akipima kila kipande upya kwa tepu, anatia alama ya penseli, anakata kwenye alama. Kwa msumeno wa mkono mazoea hayo hayamdhuru, kwa sababu fundi wa msumeno wa mkono humalizia kwa randa na kila kiungo anakifanyia suluhu yake. Maita haina suluhu. Fremu ni mstatili, na pande zinazotazamana zisipolingana, hata digrii 45 zako ziwe za kupigiwa mfano, kona ya mwisho itakukimbia.

Kwa hiyo dawa ilikuwa mambo mawili tu: mstari mmoja ulionyooka wa kubebea ubao kutoka mwanzo hadi mwisho, na kizuizi cha kugotea ubao ili vipande vya jozi vitoke sawa bila tepu. Kabati, droo na vijumba vya betri vilivyojaa katika mchoro ule havikuwemo katika ugonjwa. Hili nililijua siku ya kwanza, na bado baadaye nikalisahau.

Mchoro wa watu na chumba chetu

Meza katika mchoro ilikuwa ya futi 16, imepigwa skrubu kwenye ukuta wa mbao wa gereji, na nafasi ya mbele yake ingetosha kuegesha gari. Gereji yetu ina upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6.4. Upana huo haukutoka hewani: dari za nyumba za mawe za Lamu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndiyo inayoamua chumba kiwe na upana gani. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Kwanza niliona ni kikwazo. Nilipokaa kizingitini na daftari nikagundua kwamba meza ya maita nayo ni kitu kirefu na chembamba, na mlango wa chumba uko kwenye ukuta mfupi, ukitazama daka, kibaraza cha kuingilia nyumbani. Tukiilaza meza kando ya ukuta mrefu, mstari wake ukielekea mlangoni, ubao wa mita nne unaweza kutoa mkia nje ya chumba bila kumpiga mtu. Wajenzi wa zamani walikwisha kutuchorea nusu ya meza.

Vipimo vya mchoro tulivitupa vyote. Ubao unaoitwa "mbili kwa nne" kule Marekani hupigwa randa kiwandani na kubaki milimita 38 kwa 89. Nne kwa mbili yetu inatoka kwenye msumeno bila kusafishwa, karibu 100 kwa 50, na ukiipima sehemu tatu utapata majibu matatu. Plaiwudi yao ya robo tatu ya inchi mchoro unaihesabu milimita 19, yetu ni 18, kwa hiyo mifereji yote ya kuchomekea ingelegea. Na ukuta! Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hauna mahali pa kushika skrubu ya kubeba kabati. Unatoboa, unapata unga. Juu ya hayo, Mji Mkongwe wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu hachokoichokoi kuta za nyumba kama hizi kwa ajili ya rafu. Ukuta wenyewe, nilipoutilia timazi, ulikuwa umeegemea ndani kwa sentimita nne. Tukakubaliana meza isimame yenyewe, isiguse ukuta kabisa, ibaki nafasi ya hewa ya sentimita 5.

Sentimita hizo 5 ni nyuma ya mashine, si nyuma ya meza nzima. Maita ya kutelezesha ina reli zinazorudi nyuma. Kutoka ukingo wa mbele wa kitako hadi ncha ya reli zikiwa zimerudishwa nilipima sentimita 86. Ongeza zile 5, unapata 91, na chumba kinabakiwa na karibu mita 1.8 za kupita. Wengi hufanya meza nzima iwe na kina hicho, halafu wanajikuta na uwanja mpana wa kurundikia takataka. Mabawa, yaani sehemu za kushoto na kulia kwa mashine, tuliyapa sentimita 45 tu. Nyuma yao ikabaki karibu nusu mita ya bure, na tutairudia.

Kusafirisha

Bodi tatu za plaiwudi ya marini, ile inayostahimili maji, nilizinunua Malindi. Chipubodi na MDF, zile bodi za chembe na unga wa mbao uliogandishwa, sikuzifikiria hata kidogo, kwani kwa hewa ya Lamu zinavimba kama mkate kwenye chai. Nilizikatisha hapo hapo Malindi kwa vipande vya upana wa sentimita 45 na 60. Huu haukuwa ustadi, ulikuwa woga. Bodi nzima ina upana wa mita 1.22, na kati ya gati na nyumba ya ami kuna vichochoro ambavyo ukikutana na punda mwenye mzigo lazima mmoja wenu arudi nyuma. Lori mpaka Mokowe, mashua mpaka Lamu, mkokoteni mpaka pale unapokwama, kisha begani. Vipande vyembamba vilipita kama maji.

Skrubu nilizopeleka zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Ghali, ndiyo. Zile nyeusi za jipsamu, kwa hewa ya bahari, vichwa vyake huanza kuchubuka kabla hujasahau bei yake.

Ujenzi

Uti wa mgongo wa meza ni reli mbili za saiprasi, nne kwa mbili, futi 14, zikienda sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Urefu huo ni mita 4.27: bawa la kushoto mita 2.4, mashine sentimita 70, bawa la kulia yaliyobaki. Kushoto ni kurefu kwa sababu ami hushika mashine kwa mkono wa kulia na ubao kwa kushoto.

Saiprasi ilikuwa imepinda, kama kawaida. Ami akazisimamisha reli zote mbili kwa ubavu, akavuta uzi juu yake, akachukua randa yake ndefu. Saa mbili nzima hakusema neno. Nilikuwa nimekuja na mashine ya kupiga randa ya umeme ndani ya mkoba. Niliiacha humo humo. Alipomaliza tulilaza reli moja juu ya nyingine, na mwanga haukupita.

Kimo kilitokana na ami mwenyewe, si mchoro. Alisimama wima, mikono imening'inia, nikapima kifundo cha mkono: sentimita 88. Hapo ndipo sahani ya mashine inapokaa. Mashine yenyewe, kutoka miguuni hadi juu ya sahani, ina sentimita 9.5. Inakaa juu ya kipande cha plaiwudi kilichopigwa juu ya reli. Mabawa nayo ni plaiwudi ile ile, juu ya vinyanyulio vilivyokatwa kwa sentimita zile zile 9.5, kisha vikapunguzwa nusu milimita kwa randa. Ukifanya hivi hakuna hesabu ya kukosea, kwani kinyanyulio ni kimo cha mashine na basi. Nusu milimita ile ni ya makusudi: bawa likiwa juu kuliko sahani, hata kwa unywele, ubao hautakaa sahihi chini ya bledi, likiwa chini kidogo halina madhara.

Fensi za mabawa, kwa sababu ya namna hiyo hiyo, tulizirudisha nyuma milimita 2 kutoka kwenye mstari wa fensi ya mashine. Ubao wenye tumbo ukigota fensi ya bawa, unasukumwa utoke kwenye fensi ya mashine, na fensi ya mashine ndiyo inayobeba digrii.

Kizuizi ni kipande cha mbambakofi kinachoteleza juu ya fensi ya kushoto na kukazwa kwa boliti ya kipepeo. Chini yake nilikata ukingo mdogo wa mshazari, milimita 3, ili unga wa mbao upate pa kujificha. Usipofanya hivyo unga unajazana kati ya kizuizi na ubao, na kipande cha kumi kinatoka kifupi kuliko cha kwanza. Tulibandika utepe wa vipimo unaosomeka kutoka kulia kwenda kushoto, sifuri ikiwa kwenye bledi. Ami anausoma bila miwani, sijui vipi.

Mpira wa maji

Sakafu ni ya chokaa, ya zamani, na inateremka kuelekea mlangoni. Pima maji ya futi mbili haikutosha kwa meza ya mita nne, maana kosa dogo la kila hatua linajumlishwa. Ami akatoa mpira mwembamba unaopitisha mwanga, mita sita, akaujaza maji akiuinua polepole ili mapovu yatoke. Povu moja likibaki ndani unapata jibu la uongo. Ncha moja nikaishika mimi kwenye mashine, ya pili yeye mwisho wa bawa. "Mai hayasemi urongo," akasema. Maji yalionyesha sakafu imeshuka milimita 31 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Tukasawazisha kwa kabari za mbambakofi chini ya makasha, tukavuta uzi juu ya mabawa, tukapitisha tena mpira. Mstari ulikuwa mmoja.

Niliandika "chini ya makasha". Kosa langu lilikuwa limejificha hapo.

Kosa

Reli zile sikuzipa miguu. Nilizilaza juu ya makasha matano ya plaiwudi yenye droo, kama mchoro wa Marekani ulivyoonyesha, kwa hoja kwamba kasha tayari ni mguu, kwa nini nifanye kazi mara mbili? Kila kasha likawa na vijiguu vinne vya sentimita 5 kwa 5. Droo za misumari, boliti na skrubu tuliziweka kasha la jirani na mashine, upande wa kushoto, kwa kuwa ami alitaka vitu hivyo karibu na mkono. Zilipojaa hazikupungua kilo sitini. Fremu nne mbovu zikakatwa upya, zikafunga, zikaenda Shela, kijiji cha jirani. Nilirudi Malindi nikijisifu.

Mwezi Mei, masika imekolea, simu ikalia. Bledi inabanwa. Ubao mfupi unakatika vizuri, mrefu unakatika mpaka robo ya mwisho, kisha mashine inanguruma, moshi, alama nyeusi kwenye mkato. Ami alikwisha kupeleka bledi ikanolewa, na haikusaidia. Nilimwambia asikate chochote kirefu mpaka nije. Bledi ikibanwa inaweza kurusha ubao, au ikairusha mashine yenyewe juu.

Nilivuta uzi ule ule juu ya mabawa. Ncha zote mbili zilikuwa zinagusa, na katikati, karibu na mashine, palikuwa na mwanya wa milimita 6. Nililala kifudifudi na tochi. Vijiguu vya mbele vya kasha la misumari vilikuwa vimezama ndani ya sakafu, vimeacha vishimo vya mraba vilivyo safi kama vimechongwa. Chokaa iliyonyonya unyevu wa masika ilikuwa imelainika, na uzito wote ule ulikuwa umekaa juu ya sehemu ndogo mno.

Mara ya kwanza, zama za tofali, mkia wa ubao ndio uliokuwa chini. Sasa ni kinyume chake: ubao mrefu unabebwa na ncha mbili kama daraja, katikati hewa. Bledi inaposhuka, daraja linapinda, na mkato unajifunga juu ya bledi. Ubao mfupi hauna tatizo kwa sababu hauzifikii ncha zenyewe. Dalili zilikuwa zinazungumza waziwazi, lakini ukisikia "bledi inabanwa" kwa simu unafikiria bledi.

Nilikuwa nimeufanya mstari utegemee vitu vilivyohifadhiwa chini yake. Kila ukiongeza kilo ya misumari unasukuma mstari. Tulitenganisha. Reli zikapata miguu yake, jozi tatu, kila mguu umesimama juu ya kibao cha mbambakofi cha sentimita 20 kwa 20. Kutoka eneo la sentimita za mraba 25 hadi 400 ni mara kumi na sita. Chini ya vibao ami akapaka sifa, mafuta ya samaki wanayopaka mbao za majahazi, ili visinyonye unyevu. Chumba kilinuka wiki mbili. Shangazi alikuwa na maneno yake kuhusu hilo, na mimi ndiye niliyetajwa. Makasha yakawekewa magurudumu madogo, yakapunguzwa kimo, yakabaki yanateleza chini ya reli na nafasi ya sentimita 2 juu yake. Yajae risasi yakitaka, mstari hauna habari.

Vitu vya kuhifadhi

Kwa ami droo ni "watoto wa meza", na aliona meza yetu ina watoto wengi kuliko inavyoweza kulea. Alikuwa na haki. Droo zenye kina cha sentimita 25 ziligeuka visima, kwani patasi ikiingia haionekani tena. Katika marekebisho tulibakiza droo nne fupi, za sentimita 8, kwa vitu vidogo. Patasi, skwea na misumeno ya mkono vilirudi kwenye ubao uliosimama wima mwisho wa bawa la kulia, kila kimoja na kigingi chake. Amekuwa akinyoosha mkono kuchukua chombo kilichotundikwa tangu akiwa kijana. Sikuona sababu ya kumfundisha kuinama. Chini ya mashine yenyewe hatukuweka droo. Vumbi linashuka pale kama mvua.

Ile nusu mita nyuma ya bawa la kushoto ikawa mahali pa mbao nyembamba ndefu, fito za urembo na mabaki ya miimo, zikiingizwa kutoka mwisho wa meza juu ya vishikizo vinavyosimama sakafuni. Hazigusi ukuta.

Vipande vinavyobaki baada ya kukata ndivyo vilivyotushughulisha zaidi. Mbambakofi si mbao ya kutupa. Makasha mawili ya magurudumu yamepewa kazi hiyo: la vipande vya zaidi ya mkono, na la vipande kati ya shubiri na mkono. Chini ya shubiri ni kuni, na ami hapindishi sheria hii hata kipande kiwe kizuri namna gani. Kabla ya hapo nusu ya chumba ilikuwa imeliwa na vipande vya "siku moja nitavihitaji".

Kwa kutu, tulizoea jambo moja dogo: kila jioni kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani juu ya reli za mashine, na mara moja kwa wiki nta juu ya sahani. Mafuta juu ya sahani hayafai, yanatia doa ubao.

Vumbi na umeme

Maita hutupa unga nyuma, na mfuko wake mdogo hushika sehemu tu. Katika chumba cha mita 2.7 kisicho na dirisha kubwa si jambo la mzaha. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mvule, ambao ami huutumia sana, unajulikana kwa kuwasha pua na ngozi. Tulijenga kibanda cha plaiwudi nyuma ya mashine, pande zake turubai, chini yake tundu la mpira wa mashine ya kuvuta vumbi. Barakoa anavaa nikiwepo. Nisipokuwepo, mjukuu ananiripotia.

Mashine ina wati 1,800, ya kuvuta vumbi 1,400: jumla 3,200. Plagi yetu ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba 3,120. Siku ya kwanza tuliziwasha pamoja kwenye waya mmoja wa kurefushia, mwembamba, uliokunjwa, na baada ya dakika chache waya ulikuwa wa moto kama kikombe cha kahawa. Fundi umeme akavuta nyaya mbili za milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la swichi, kila moja na soketi yake. Hili ningelifanya kabla ya kununua hata ubao mmoja.

Kuhusu kelele sina mengi. Mashine huzimwa adhana ikianza, na Ijumaa haiwashwi mpaka watu watoke msikitini. Majirani hawajalalamika, ila wa pili kulia sasa analeta mbao zake zikatwe bure.

Ilivyo sasa

Baada ya marekebisho tulikata vipande kumi vya mita 1.2 kwa kizuizi, tukavisimamisha pamoja juu ya sahani. Nilipitisha kidole juu ya vichwa vyao. Ami akapitisha chake, chenye ngozi ngumu kuliko msasa, akatafuta cha kumnyima raha, akakosa. Kwa kipimo, tofauti ya mrefu na mfupi haikufika nusu milimita. Miezi minne baadaye, uzi na mpira wa maji vinatoa jibu lile lile.

Kuna lililobaki. Kibanda cha vumbi kinavuja mashine ikilazwa digrii 45 kushoto, kwa sababu kichwa chake kinagonga turubai na kulisukuma kando. Nitarudi baada ya Maulidi na kipande cha mpira wa tairi la ndani nione kama kitajikunja bila kuchanika. Ami ameniagiza nilete na mpira mwingine wa maji, mrefu zaidi. Ule wa mita sita umechukuliwa na jirani wa pili kulia, anajenga.